Mtani wangu shimoni Lupa

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa mchukuzi wa Mzungu mmoja mpenda mawe. Alishatupeleka Mbozi kuangalia kimondo, lile jiwe lililoanguka toka juu, akalizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Shule nilisoma miezi michache tu, sikujua alikuwa anaandika nini. Basi, siku hiyo tukavuka mlima kutoka Mbeya mpaka kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, kule Lupa.

Wachukuzi tulikuwa wawili. Mimi Mhehe wa Kilolo, mwenzangu Mngoni, na makabila yetu ni watani. Tangu Mbeya hatukuambiana neno jema.

Mzungu akataka jiwe jeupe lililokuwa chini ya shimo moja. Mtani akasema humo yeye alishachimba. Nikamfunga kamba kiunoni.

"Ikikatika usilie," nikamwambia. "Wangoni mko wengi."

"Shika kamba, mla mbwa. Usisinzie ukaota nyama."

Akashuka na taa. Haukupita muda mwanga ukapotea.

"Nivute," akaita. "Hewa hakuna."

"Kaa hukohuko. Blanketi lako nimesharithi."

Nikacheka. Mzungu akacheka kwa kuniona mimi nacheka. Mtani akaita tena, nikamjibu kwamba matangani nitavaa suruali yake. Na kweli kwetu ndiyo kazi ya mtani msibani, kuchekesha wafiwa. Shangazi yangu alipokufa, mtani mmoja alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku.

Kisha ikaja sauti ndogo.

"Kaka. Naomba univute, kaka."

Huyu mtu hajawahi kuniita kaka. Nikavuta. Kamba ilikuwa nzito kama imefungiwa gogo, maana hakuwa anajisukuma kwa miguu. Nikampigia Mzungu kelele kwa Kihehe, Kiswahili chote kilinitoka, naye akaishika kamba hivyohivyo. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki kwenye kamba.

Alitoka macho yamegeuka. Tukamlaza, nikampepea kwa majani, muda mrefu. Akakohoa. Habari ya jiwe hakuna aliyeiuliza.

Njia nzima ya kurudi nilimtukana, yeye na ukoo wake. Nilitaka anirudishie hata tusi moja.

"Ndiyo, kaka," alijibu, akaendelea kutembea bila kunitazama.