Kompyuta ya Mtu Mmoja

Watu wa Thika humjua Viren kama yule Mhindi wa mikanda. Posho mill yako ya kusagia unga ikikata mkanda, unaenda kwake na kipande kilichokatika, naye anakipima kwa macho tu na kukutolea mwingine kutoka rafu ya juu. Hana maneno mengi dukani, ila si mtu wa kununa. Ukimuuliza habari ya kazi atakujibu nzuri. Ukimuuliza habari ya nyumbani atakujibu nzuri vile vile, ingawa huko nyumbani hakuna mtu wa kutoa habari yoyote.

Nyumba yenyewe iko juu ya duka. Baba yake aliijenga akiwafikiria wana, wake zao na wajukuu. Sasa wazazi wote wawili wamefariki, na kaka yake Ashok alihamia Leicester zamani na mkewe Madhuri, wakazaa huko huko. Viren alibaki kuangalia duka. Hakuoa. Mwanzoni alisema hajapata nafasi, kisha watu wakaacha kumuuliza, naye akaacha kutafuta jibu. Hadi leo anapika dengu kwa kipimo alichofundishwa na mama yake, kipimo cha familia nzima, halafu anazila hizo hizo mpaka katikati ya wiki. Mtu anayejua saizi ya kila mkanda Thika nzima, na kupunguza dengu kumemshinda!

Mwaka huu, siku ya Diwali, Ashok alipiga simu na kusema kwamba Desemba huenda wakaja. Alisema huenda. Viren alisikia tu kwamba wanakuja. Usiku huo huo alianza kutafuta kwenye simu yake kompyuta ya kiganjani ya zamani, ile inayofunguka kama kibweta cha miwani na kutumia betri mbili za rimoti. Alitaka inayotumia DOS, mfumo wa enzi ambazo kompyuta ilikuwa kioo cheusi na maandishi, haijui kipanya ni kitu gani.

Sababu ilikuwa mchezo. Walipokuwa vijana, baba yao alinunua kompyuta ya kuandikia risiti, na duka likishafungwa wale ndugu wawili walijibana mbele yake kwenye benchi moja. Walicheza mchezo wa ndege inayopita katikati ya magenge ya miamba na kulipua mapipa ya adui. Kibodi ilikuwa moja, kwa hiyo waligawana kazi. Ashok, ambaye Viren humwita Motabhai, kama Wagujarati wanavyomwita kaka mkubwa, aliongoza ndege kwa vitufe vya mishale upande wa kulia. Viren alipiga risasi kwa kile kitufe kirefu cha chini. Mama aliita mpaka chakula kikapoa. Tuseme wazi, maana mwenyewe hawezi kusema: tangu siku zile Viren hajawahi kufurahi hivyo tena. Aliona kwamba akipata kimashine cha kuweka mezani kati yake na Motabhai baada ya chakula, hawatahitaji kutafuta la kuongea.

Aliyekuwa na vimashine vya namna hiyo ni Kiama, fundi wa pale Gitothua, Ruiru, ambaye hununua vyombo vya ofisi vilivyotupwa ng'ambo na kuvifufua. Kibanda chake kimebanana na agrovet, na harufu ya dawa ya ng'ombe huingia hata ukifunga pua. Jumamosi moja Viren alifunga duka mapema, akawasha pikapu yake na kwenda.

Kiama alimwekea mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kuingia mfuko wa shati, na vitufe vyake vilikuwa vidogo mno. Kiama alieleza kwamba hiyo unaishika kwa mikono miwili na kubonyeza kwa vidole gumba, kama watu wanavyoandika meseji. Ya pili ilikuwa pana, ya kuwekwa mezani. Zote mbili kioo chake hakina taa, ni kijivu tu, lazima ukae penye mwanga. Michezo ya zamani alikuwa ameshaitia kwenye kadi.

Viren aliivuta ile pana, akafungua mchezo wa ndege, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe kirefu. Risasi zikatoka. Akabonyeza tena, zikatoka tena, naye akacheka peke yake pale kwenye kigoda. Kiama alimshauri aijaribu vizuri kabla hajaondoka, kwa sababu hiyo pana ilikuwa imetumika sana. Viren alisema ameridhika. Aliweka mkono wake kando ya kibodi, akapima nafasi iliyobaki, akamwambia Kiama kwamba hapo watu wawili wataenea.

Jumapili jioni aliiweka mezani chini ya taa, akala haraka, akaanza. Ndege ilipaa vizuri. Lilipokuja genge la kwanza la kukata kulia, ndege ilienda kulivaa. Akaanza upya, ikalivaa tena. Kushoto ilikubali, kulia haikukubali hata kidogo. Fundi yeyote angeshuku mashine. Viren alijishuku mwenyewe. Hakuwahi kuongoza ile ndege hata siku moja, na aliamini kuna ujanja Motabhai alikuwa nao ambao yeye hakuuona, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye mapipa. Jumatatu alijaribu tena, na Jumanne, mpaka vidole vikauma.

Akaamua kumpigia simu, akifurahi kwamba safari hii ana jambo la kuuliza. Ashok alipokea akiwa katika duka moja huko Leicester, makelele ya watoto nyuma yake. Viren alimuuliza kwa Kigujarati: ile ndege, Motabhai, ulikuwa unaipindaje kulia? Kaka yake aliuliza ndege gani. Viren akaeleza magenge, mapipa, benchi. Ashok alicheka kwa upole, akasema walicheza vitu vingi utotoni, hakumbuki. Kisha akasema ni vizuri amepiga, alikuwa anataka kumwambia. Madhuri anaumwa magoti na safari ya ndege ni ndefu, kwa hiyo Desemba wataenda Ureno, ni karibu na kuna jua.

Viren alisema ni sawa kabisa. Alisema hata Thika kazi ni nyingi Desemba. Alipokata simu alikaa pale pale, na akalia kidogo, akiwa amefunika kimashine ili kisilowe.

Jumamosi iliyofuata alirudi Gitothua. Kiama aliibonyeza ile kompyuta mara chache tu, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii button ya kulia imekufa kitambo. Kwani hukuijaribu?"

"Hiyo haikuwa yangu," Viren alisema.

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya bradha."

Kiama hakuelewa, na kwa adabu hakuuliza zaidi. Alisema kuna mzoga wa nyingine kama hiyo anaoweza kutolea kitufe, ampe wiki mbili tu, itakuwa sawa na watu wawili wataenea vile alivyotaka. Ama achukue ile nyembamba, ambayo haina shida yoyote.

Viren aliziangalia zote mbili kwa muda mrefu. Nje mtu alikuwa akibishana na muuza dawa juu ya kupe.

"Nipe hiyo ya mtu mmoja," alisema.

"Na bradha?"

"Hakuji."

Kiama aliwasha ile nyembamba, akamwonyesha namna ya kuishika, kidole gumba cha kulia kwenye mishale, cha kushoto kwenye risasi. Viren akagonga genge la kwanza. Akaanza tena, polepole, akikunja uso, na lilipokuja lile genge ndege ikapinda kulia, ikapita katikati safi kabisa. Aliinua macho haraka ili mtu aone, lakini Kiama alikuwa ameshageukia mteja mwingine.