Nilivunja Uchumba wa Mdogo Wangu kwa Daftari la Ubatizo

Wadau, mimi ndiye niliyevunja uchumba wa mdogo wangu wa kike. Sikutumia umbea wala uchawi. Nilitumia picha moja iliyokuwa kwenye simu yangu, picha ya ukurasa wa daftari la ubatizo la mwaka 1946.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Kasema niandike yote, nisijipambe.

Naitwa Fabian. Nafanya kazi masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Kazi yangu ni mafaili. Faili likipotea, ghorofa nzima inaniita mimi, na nikilipata natembea nalo kwenye korido taratibu ili kila mtu aone.

Ndivyo nilivyo. Au ndivyo nilivyokuwa.

Miaka mitatu iliyopita nikapata ugonjwa wa kutafuta ukoo. Baba alifariki tukiwa wadogo, babu Nathanaeli alishatangulia. Tulichobakiwa nacho ni jina tu, Nathanaeli Matonya. Huyo Matonya alikuwa nani, alizaa wangapi, hakuna aliyejua, hata baba zangu wadogo, Luka na wenzake. Mama yetu, mama Yudith, ukimuuliza anakwambia, "Mimi niliolewa tu, hizo habari waulizeni wenyewe."

Wenyewe waliojua walikuwa makaburini.

Nikajifunza mtandaoni. Unaanza na walio hai, tena wazee kwanza, maana hao hawasubiri. Unawarekodi kwa simu. Usiwaulize tarehe. Mzee wa kwetu ukimuuliza kazaliwa lini atakutajia njaa, na wewe kazi yako ni kujua njaa hiyo ilikuwa mwaka gani. Halafu unapiga picha misalaba ya makaburini, na mwisho unakwenda kanisani kwenye madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo.

Parokia yetu ya zamani iko mbele ya Ihumwa, huko vijijini. Wakataka barua ya ruhusa ya ukoo. Nikaiandika kwa jina langu, ikagongwa muhuri, nikafunguliwa kabati.

Siku ya nne nikampata babu.

Namba 212, Nathanaeli. Baba, Matonya. Chini yake namba 213, Evarista. Baba, Matonya. Wamebatizwa siku moja.

Aisee, nililia. Babu alikuwa na dada!

Pembeni kabisa mwa ukurasa kulikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia. Ukurasa wenyewe ulikuwa mpana, haukuenea kwenye kamera. Nikapiga picha safu za majina na wazazi. Ya penseli nikasema yatasubiri.

Mimi, mtu wa masijala, nikasema yatasubiri.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Anaitwa Anyesi, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mchumba wake alikuwa Brighton, mpima ardhi, kwao Msalato. Walikuwa pamoja miaka miwili, na mimi nilimpenda huyo kijana. Alikuwa akija nyumbani anaingia hadi jikoni kumsalimia mama.

Siku ya kikao cha mahari ukumbi ulikuwa sebule yetu. Wakaingia na salamu zao za Kigogo, "mbukwenyi", tukaitikia, wakakaa. Mshenga akaanza kuutambulisha upande wao. Akamtaja baba wa kijana, mzee Eliakimu. Akasema, "Na huyu mzee ni mtoto wa marehemu Evarista binti Matonya."

Jina hilo nilikuwa nalo mfukoni.

Nikafungua simu. Namba 212, namba 213. Babu yake Anyesi na bibi yake Brighton, baba mmoja.

Wadau, hapo ndipo pa kunilaumu. Ningeweza kumwita baba mdogo Luka uani tukanong'ona. Ningeweza kumwomba mshenga tuahirishe. Lakini nilikuwa na mwaka mzima nazungumzia mti wa ukoo na hakuna anayenisikiliza. Walinikwepa tu, "Haya Fabian, baadaye."

Nikasimama.

"Samahanini wazee. Hii ndoa haiwezekani. Hawa ni ndugu."

Nikasoma. Namba, jina, baba, tarehe. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilisikia raha. Kwa mara ya kwanza watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Mzee Eliakimu hakushtuka. Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu, huo ukurasa umeusoma wote?"

"Nimeusoma wote, baba."

Nilimdanganya mzee wa watu mchana kweupe. Sijui hata kwa nini. Nadhani niliona aibu kusema sijamaliza.

Akawatazama baba zangu wadogo mmoja mmoja, akamtazama mama. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Basi," akasema. "Sisi tunaondoka."

Anyesi alikuwa chumbani na mashangazi, kaishavaa kitenge chake. Sikwenda kumwambia. Nilimwachia mama.

Siku tatu baadaye mzee Eliakimu akanipigia.

"Njoo Msalato tuzungumze. Uje peke yako."

"Nitakuja, baba."

Sikwenda. Nilijiambia anataka kunibembeleza nifumbe macho. Akapiga tena wiki iliyofuata, nikaacha iite.

Mnajua watu walivyo. Miaka miwili ya uchumba, halafu ikasemekana ni ndugu. Maneno yakaanza. Kisimani, kwenye jumuiya, hadi shuleni kwake. "Yule mwalimu aliyelala na kaka yake." Mama akapanda presha, akalazwa siku tisa. Anyesi akaomba uhamisho, akapanga chumba Miyuji, akaacha kuja nyumbani.

Na mimi? Mimi nilikuwa naandaa siku ya ukoo.

Nilichapisha fulana hamsini. Nyuma mti wa ukoo, mbele maandishi makubwa: UZAO WA MATONYA. Baba mdogo Luka alivaa ya kwake hadi kanisani. Watu wakaanza kunitafuta niwasaidie kutafuta koo zao, nikaanza kuitwa mtaalamu, na kichwa kikazidi kuvimba.

Mwaka na miezi miwili ikapita hivyo.

Siku moja nikaalikwa kufundisha vijana wa chuo. Nikawawekea ule ukurasa ukutani kwa projekta, nikaueleza kwa mbwembwe. Dada mmoja, Yasinta, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona picha imekatwa pembeni?"

"Hapo hakuna kitu cha maana."

"Ulijuaje?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikazima projekta.

Jumatatu yake sikwenda kazini. Nilikwenda parokiani. Nikafungua daftari, nikainama, nikawasha tochi ya simu, nikaiinamisha mwanga upite juu ya karatasi. Penseli ikaanza kusomeka herufi baada ya herufi.

Nilitegemea kama kuna neno, litakuwa la Evarista. Halikuwa la Evarista. Lilikuwa mbele ya namba 212, ya babu yangu.

"Huyu kaletwa na njaa. Wazazi hawajulikani. Matonya kamchukua, anamlea kama mwanawe."

Nikasoma mara tano.

Kumbe siku ile nilisimama kuufukuza uzao halisi wa Matonya, kwa jina la Matonya, na mimi simo.

Nilitoka pale hadi Msalato, sikupita hata nyumbani. Mzee Eliakimu alikuwa uani anapembua uwele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa."

Nikapiga magoti. Akaniambia nikae kwenye kigoda, magoti ni ya kanisani.

"Mama yangu aliniapisha," akasema. "Aliniambia, Nathanaeli ni mjomba wako, ingawa tumepotezana tangu niolewe. Asije mtu akamwita mtoto wa kuokotwa, wala yeye wala wanawe. Baba yao aliwagawia bakuli moja la uji, yeye na Nathanaeli, na wote wawili wakapona. Sasa mimi, siku ya mahari, nimwambie mama yako mbele ya watu kwamba baba mkwe wake hana kwao? Nisingeweza. Ndiyo maana nikakuuliza kama umesoma wote. Ungesema hapana, ningekwambia nenda kamalizie, kikao kisubiri."

"Ulikuwa unajua tangu mshenga alipoleta majina?"

"Nilijua. Nikauliza wazee wetu, nikamuuliza padre. Damu si moja, ndoa haina kizuizi. Nilifurahi, Fabian. Nilisema kizazi cha mjomba wangu sasa kinarudi nyumbani."

Akaendelea kupembua.

"Na Brighton, baba?"

"Brighton kaoa Desemba."

Nilikaa kwenye kile kigoda hadi miguu ikafa ganzi. Halafu nikaenda Miyuji.

Anyesi alifungua mlango, akaniona, akarudi ndani kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Anyesi, nimerudi parokiani. Nimesoma pembeni. Babu hakuwa..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Alikuwa mtoto wa njaa. Brighton aliniambia wiki mbili baada ya kikao. Baba yake alimwambia yeye."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akaweka kalamu chini.

"Nimwambie nani, kaka? Ningekwambia wewe, ungesema natunga ili niolewe. Ungesema hivyo au usingesema?"

Ningesema. Tulijua wote wawili.

"Nilikwenda mwenyewe parokiani," akasema. "Nikaomba lile daftari. Wakaniambia barua ya ruhusa ya ukoo iko kwa jina la Fabian, nije naye. Nikakupigia. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Aliniambia, kaka, naomba siku moja tu twende wote kanisani. Nikamwambia niko bize, nafuatilia fulana.

"Brighton alisubiri mwaka mzima. Kila mwezi ananiambia, kaka yako ni mtu wa kumbukumbu, lazima atarudi kuhakiki, mtu wa kumbukumbu haachi kitu nusu. Alikuwa anakuamini kuliko mimi nilivyokuamini. Halafu akachoka. Simlaumu."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie.

"Unisamehe, Anyesi."

"Ukilia hapa, tunaokuona ni mimi na hii ndoo. Uliyasema mbele ya watu. Kayafute mbele ya watu."

"Nikisema, jina letu linaondoka. Baba, mama, baba wadogo, wote."

"Langu limeshaondoka. Mimi naitwa aliyelala na kaka yake. Wewe utaitwa mjukuu wa aliyeokotwa. Chagua lipi zito."

Jumapili mbili baadaye niliwaita watu walewale, sebule ileile. Mzee Eliakimu alikuja kwa hiari yake. Nikasoma mstari mzima, safu hadi penseli. Nikasema nilidanganya nilipoulizwa. Nikasema mdogo wangu hakuwa na ndugu yake, alikuwa na mchumba wake, na mwenye aibu ni mimi.

Baba mdogo Luka alinyanyuka.

"Yaani baba yangu aliokotwa? Na wewe unalisoma kama tangazo?"

Akatoka. Hadi leo hapokei salamu yangu, na ana haki yake, maana yeye hakunituma kutafuta chochote.

Mama akasema, "Ndiyo maana mzee Nathanaeli alikuwa hali chakula mpaka watoto wote washibe." Akafuta macho kwa kanga.

Nilimtumia Brighton ujumbe mrefu wa kumwomba radhi. Alijibu mstari mmoja: "Asante kaka. Ungesema mwaka jana."

Maneno kuhusu Anyesi yamepungua, hayajaisha. Uongo ulitembea mwaka na miezi miwili, ukweli una miezi minne tu. Amekuja nyumbani mara mbili. Ananisalimia. Hajasema amenisamehe, na mimi nimeacha kumwomba, kwa sababu niligundua kila nikiomba nilikuwa natafuta nafuu yangu mimi.

Nimalizie kwa wale mnaotaka kutafuta koo zenu. Tafuteni, ni kazi nzuri. Lakini picha piga ukurasa mzima, kingo kwa kingo, na kilichoandikwa pembeni kisome kwanza. Jina la baba kwenye daftari linaweza kuwa la aliyezaa au la aliyelea, daftari halijali tofauti, uliza. Ushahidi mmoja hautoshi kumhukumu mtu aliye hai. Mzee akikuita uende peke yako, nenda siku hiyohiyo. Na ukiulizwa kama umemaliza kusoma, na hujamaliza, sema hujamaliza. Aibu yake ni ya dakika moja.

Mti wetu nimeuchora upya, safari hii kwa penseli. Matonya yumo, nimeandika "mlezi". Juu ya babu kuna nafasi mbili za wazazi, ziko tupu, na hizo njaa ndiyo iliyoziacha. Kando ya jina la Anyesi kuna nafasi ya mume.

Hiyo niliiacha tupu mimi.