Kupunguziwa Ugali

Soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nilizunguka vijiji vya Matiri nikinunua, na mtaji wangu ulikuwa sauti. Ikaanza kukauka. Kiungulia sikuwa nacho. Nilihisi tu kama tonge limekwama kooni, nikawa najikohoza kutwa. Wakulima walidhani ni mbinu. Nikijikohoza, wananyamaza kungoja niongeze bei, na mara nyingine niliongeza kwa aibu.

Daktari wa zahanati aliuliza nakula wapi. Nikamwambia kila nyumba, maana hupimi kahawa ya mtu kabla hujala ugali wake. Akasema asidi ya tumbo inanipanda kimyakimya hadi kooni nikilala nimeshiba. Nile kidogo, nisilale mara tu baada ya kula, na kitanda nikiinue kichwani kwa matofali. Matofali yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa ugali.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mkulima mmoja mjane. "Leo naomba unipunguzie."

"Marahaba. Kahawa upunguziwe, na ugali nao upunguziwe? Wewe mtu wa wapi?"

"Ni koo, mama. Daktari kakataza kushiba."

Akanitazama, akamega nusu. "Haya. Ila kwenye kahawa hakuna nusu."

Habari ikatangulia mbele yangu, kila nyumba nikakuta sahani ndogo. Taratibu tonge lile likayeyuka. Siku niliyorudi kwa yule mama, nilitaja bei yangu moja kwa moja, sauti safi, bila kujikohoza hata kidogo.

Akaguna. "Afadhali ulipokuwa unaumwa, mwanangu."