Nilivyopokewa kama mkwe Mwika

Utotoni, wageni wakija nyumbani nilikimbilia migombani kujificha. Leo ni daktari wa mifugo, lakini mbele ya watu ulimi bado unaniganda.

Juzi niliitwa Mwika kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Kwa haraka nikakosea geti. Mama mmoja akanishika mkono.

"Karibu baba, tulikuwa tunakungoja! Wazee wako wako nyuma?"

Kabla sijajibu, nimeketishwa katikati ya wazee na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi. Baba mwenye nyumba akauliza, "Kwa hiyo binti yetu unampenda kweli?"

Ndipo nikaelewa kwamba walikuwa wanamsubiri mchumba aje kujitambulisha. Nikataka kusema siye mimi, sauti ikagoma, kichwa kikaitikia chenyewe. Wakapiga vigelegele.

Nyuma ya ua, ng'ombe wa jirani, yule niliyeitiwa, akalia kwa uchungu.  Alipolia tena, nilisimama nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo.

"Wazee wangu, nisameheni! Mimi si mchumba. Ni daktari wa ng'ombe wa jirani, na ng'ombe huyo anakufa!"

 Wote wakageuka mlangoni, alikosimama kijana mwenye suti pamoja na wazazi wake, wakinitazama.