Kizingiti cha Tembe la Misafara

Siku ya kwanza Mhifadhi wa makumbusho alinikabidhi vitu viwili: ufunguo mzito wa chuma na daftari la wageni. Nilikuwa nimetoka nyumbani Cheyo kwa baiskeli, nimevaa kitenge kipya kama ninayekwenda harusini.

"Mama, sikiliza," akasema. "Mgeni ni yule aliyevuka kizingiti. Wa barazani ni mpita njia, usimwandike."

Kazi ilikuwa ya kujitolea. Enzi zile za Ujamaa kujitolea kulikuwa sifa, nami, mjane nisiye na mtoto, nyumbani nilikuwa naongea na sufuria. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa. Hili lilijengwa na tajiri wa pembe za ndovu. Kumtembeza mgeni kuna utaratibu wake. Unaanzia kwenye mlango wa nakshi, unamwingiza ghalani, kisha unanyamaza kidogo ili macho yake yazoee giza. Wengi hukosea hapo, wanaanza kubwabwaja.

Wageni wenyewe sasa! Majirani walikuwa wamehamia kijiji cha Ujamaa, yakabaki mahame. Siku nyingine nilitoa maelezo yote kwa kuta, nisije nikayasahau. Upweke uliniuma, sifichi.

Aliyekuja bila kukosa ni mzee mmoja wa Igalula. Kila mwezi alishuka kwenye treni mjini, akaja kwa miguu, akatua furushi lake kando ya mlango, akaketi barazani.

"Shikamoo, mzee. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Hapa panatosha. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe mpaka pwani, na mzigo aliutua hapa hapa. Mpagazi haingii nyumba ya tajiri. Mimi niingie kama nani?"

Basi tulikaa tukala karanga zake, akanisimulia safari za baba yake. Siku hizo nilirudi Cheyo nikiimba. Ila daftarini hakuwamo.

Mwaka wa tatu Mhifadhi alilifungua daftari, akakuta kurasa nyeupe. "Mwezi ujao nisipoona jina hata moja, ufunguo naurudisha ofisini."

Sikulala vizuri mwezi ule. Mzee alipofika nilimshika mkono kabla hajaketi. "Hatua moja tu, mzee. Nisaidie, watanifungia." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, mimi nilitaka kupona.

Alivua viatu. Akavuka. Alisimama ghalani, nami, mtaalamu wa kunyamaza, nikaanza kubwabwaja habari za pembe huku naandika jina lake.

Alipotoka alibeba furushi lake bila kuketi. "Umenivusha mahali baba alipokatazwa," akasema, "ili upate jina."

Hakuja tena. Nilimngoja mwezi hadi mwezi. Tembe halikufungwa, Mhifadhi alinisifu mbele ya watu, na kazi nikaifanya mpaka magoti yakagoma.

Nyinyi vijana mnaotembeza wageni leo, hesabuni na wa barazani. Bado naenda mara mojamoja. Binti aliyepokea ufunguo wangu ana adabu, hunikimbilia na daftari.

"Shikamoo, bibi. Ingia basi, nikuandike."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapa panatosha," namwambia, na karanga zangu naziweka kando ya mlango, upande ule ule.