Kabureta Niliyoifungulia Sironga

Wacha nikiri mwenyewe, kwa sababu watu wa Sironga watawaambia hata nikinyamaza: yule jamaa aliyekaa uani kwa watu mchana kweupe, soda mkononi, amejifunga leso ya mama mwenye nyumba, ni mimi.

Jumamosi wazee wetu walikuwa waende Sironga kwa kina Kemunto kuniombea mke, na kule zilihitajika kuni za kupikia wageni. Mkaratusi ulikuwa umeshaanguka, kazi ni kukatakata tu, na mimi ndiye mwenye pawasoo, ule msumeno wa injini, kwetu Keumbu nzima (sawa, tuko watatu), kwa hivyo nikajitolea kwenda siku mbili kabla. Sasa hiyo mashine ilikuwa inavuja petroli kidogo. Fundi angeiangalia asubuhi hiyo hiyo, lakini nikajiambia, fundi wa nini na nimeona video mbili kwa simu? Nikanunua raba mpya za kabureta, nikatia mfukoni, nikaenda.

Kufika, petroli inachuruzika. Baba yake ameketi, kaka yake Evans amesimama, mashangazi wameacha kuchambua mboga wananiangalia. Mama yake alibaki mbali mlangoni pa jikoni, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wana chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya, hamsogeleani ovyo na maneno hupitia kwa mtu mwingine. Kemunto akaja.

"Mama anasema uangalie mpira wa mafuta kwanza. Bomba lake la kupulizia dawa lilivuja hivyo hivyo."

"Mwambie Mama asiwe na wasiwasi," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye gereji. "Hii ni kabureta." (Mama wa kupulizia nyanya anifundishe injini, mimi?)

Nikaifungua pale pale juu ya jani la mgomba, nikabadilisha raba, nikatoa kile kisindano kinachozuia mafuta, nikapuliza kila tundu mpaka nikaonja petroli, nikafunga. Gasketi moja ikabaki. Evans akaiokota akauliza ni ya wapi. Nikamwambia mashine nyingine huja na za ziada.

Nikaipakata nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena, na tena, na kila nikivuta inanitemea petroli mapajani, nami siwezi kusimama watu wakaona suruali imelowa pale ilipolowa. Jamani, petroli huanza kwa kuwasha, halafu inachoma. Nilivumilia kiume, kama dakika mbili, kisha nikaitupa mashine nikakimbilia migombani nikavua suruali nikiomba maji. Baba akaamuru moto wa jikoni uzimwe kabla sijalipuka, kwa hivyo chakula cha mchana nacho kikaishia hapo. Kemunto akaniletea ndoo, sabuni, na leso ya kwanza aliyoiona kwenye kamba ya nguo.

Niliporudi nimejifunga leso ya maua, Evans alikuwa ameukunja ule mpira wa mafuta. Una ufa. Kabureta haikuwa na shida yoyote mpaka nilipoitengeneza, na sasa ndiyo ilikuwa inavuja kweli. Wakachukua mashoka. Mimi nikapewa kiti na soda, na Mama mwenyewe akapasua zile kuni nilizokuja kukata, amenipa mgongo kwa heshima.

Nilijua ndoa imeisha, kwamba wazee wetu watapigiwa simu waambiwe wasijisumbue. Moyo uliniuma kuliko mapaja. Jioni nikavaa suruali yangu mbichi, nikampa Kemunto leso airudishe. Akaenda nayo, akarudi nayo.

"Mama anasema ubaki nayo. Umeshaivaa wewe, yeye hawezi kuivaa tena."

Nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimefika barabarani, pawasoo begani, ndipo ikaniingia: ningekuwa mgeni tu, angeifua akajifunga. Mama hakatai leso kwa sababu ya mtu baki; chinsoni ni ya mkwe.

Jumamosi wazee walienda, wakala vilivyopikwa kwa kuni za shoka. Leso ninayo mpaka leo. Na siku hizi Mama akituma neno kupitia kwa Kemunto, hata liwe la injini, naweka bisibisi chini kwanza.