Kikohozi cha Siku Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa rekodi alinifungulia chumba cha faili katika hospitali moja ya Machakos, akaniambia, "Faili ikipotea hapa, utaitafuta mwenyewe, mgonjwa akikuangalia." Nilimwogopa miaka kumi. Faili zangu hazikupotea.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Kangundo, na kompyuta zikatufuata huko. Programu mpya ilisoma majibu ya mgonjwa, kisha ikamwonyesha daktari nani apimwe kifua kikuu haraka. Kazi yangu ilikuwa kuuliza na kuandika. Swali moja lilinichosha: umekohoa siku ngapi? Watu wetu hawahesabu hivyo. "Tangu tuanze kuchuma kahawa," wanakwambia. Kisanduku kilitaka nambari, na bila nambari ukurasa haukusonga. Foleni nayo ilikuwa imefika getini. Basi nikawa naandika tatu. Kila mtu, tatu.

Syombua, mama mchumaji kahawa, alikuja mara mbili, akapewa dawa ya mafua. Mara ya tatu nguo zilikuwa zinampwaya. Mashine ikasema tena hana haja ya kupimwa. Msimamizi wa kituo, ambaye sote tulimwita daktari, aliacha skrini akamtazama yeye.

"Mwaitu, mama yetu, hii kikohozi ilianza lini?"

"Si nilimwambia huyu? Tukianza kuchuma kahawa. Na sasa tumemaliza."

Daktari alinigeukia. "Wewe umeandika siku tatu. Mara tatu zote! Mashine ingejuaje?"

Makohozi ya Syombua yalipopimwa, alikuwa na kifua kikuu, na mjukuu aliyelala naye kitanda kimoja alikuwa nacho pia. Walitibiwa miezi sita wakapona. Niliona aibu, na bado naiona.

Nilibandika kalenda ya shamba ukutani, juu ya meza: mvua, palizi, kahawa, mbaazi, kila moja na majuma yake. Kila karani mpya nilimkalisha mbele yake, wakaniita mzee msumbufu. Hadi nastaafu, hakuna aliyeandika tatu nikiwepo. Nisipokuwepo, sikujua.

Juzi kikohozi kilinizidia, nikaenda pale pale. Karani alikuwa dada nisiyemfahamu, na foleni ilikuwa ndefu.

"Mzee, umekohoa tangu lini?"

"Tangu mbaazi."

Aliondoa mikono kwenye kibodi, akaangalia ukutani, kisha akanigeukia.

"Mkianza kuvuna, ama mkimaliza?"